"Wananchi wenye hasira kali": neno lililowaficha wauaji

Aliyesoma magazeti ya Kiswahili ya Tanzania katika miaka ya 1990 anaweza kuimalizia sentensi hii akiwa amefumba macho: "Mtu mmoja ambaye jina lake halikufahamika mara moja, anayekadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka 25 na 30, ameuawa na..." Ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Sijainukuu kutoka gazeti lolote moja. Ilikuwa kalibu, na habari za uhalifu zilifyatuliwa humo kama matofali. Jina la mtaa lilibadilika, kitu kilichoibwa kilibadilika (redio, kuku, baadaye simu ya mkononi), yaliyobaki yakaachwa yalivyo.

Wanaoikosoa kauli hii huikamata kwenye "hasira kali". Kasoro ipo hapo, nami nitaifikia. Lakini kwa maoni yangu mzigo mkubwa ulibebwa na neno lililotangulia, ambalo karibu hakuna anayelitilia shaka. Jaribu kuliondoa uweke jingine: "ameuawa na wauaji wenye hasira kali", "ameuawa na genge lenye hasira kali". Papo hapo habari inageuka, na msomaji anaanza kuuliza ni akina nani hao na wako wapi sasa. Likirudishwa "wananchi", maswali yanakufa. Neno moja la kawaida, tunalolitamka kila siku kwenye daladala na bungeni, lilikuwa na nguvu ya kuzima upelelezi ndani ya kichwa cha msomaji. Nguvu hiyo haikuanzia kwenye habari za vibaka.

Wakati wa ukoloni Mwafrika wa Tanganyika aliitwa mwenyeji, au raia kwa ile maana ya zamani ya mtu aliye chini ya mamlaka ya mwingine. TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954, harakati zilihitaji neno la kumtoa mtu huyo chini na kumsimamisha. Mwananchi lilitosha: hayuko hapa kwa hisani ya Gavana, yeye ni mwana wa nchi. Magazeti yaliyosomwa na watu wa harakati, Mwafrika, kisha Ngurumo lililoanza 1959, kisha Uhuru la chama chenyewe kuanzia 1961, yalilifanya kuwa neno la kila ukurasa. Kuitwa mwananchi gazetini, kwa kuli wa bandarini au mkulima wa kahawa, kulikuwa kupandishwa cheo.

Cheo hicho hakikuwa cha kila mtu. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru, muswada wa uraia ulipelekwa bungeni, na baadhi ya wabunge wakataka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere aliwapinga kwa ukali, akisema kumbagua mtu kwa rangi yake ndicho kitu kilekile walichokuwa wakikipigania kiishe. Muswada ukapita kama ulivyokuwa. Sheria ikawa imesema neno lake: rangi haihusiki. Lugha ya habari haikuifuata sheria. Raia likabaki neno la pasipoti, mwananchi likabaki neno la damu. Mtu mwenye asili ya Kihindi aliyezaliwa Tanga, na baba yake akazaliwa Tanga, alikuwa raia kamili, lakini gazeti likiandika kuwa biashara zirudi mikononi mwa wananchi, kila msomaji alielewa kuwa yeye hamo. Mwaka 1971 nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zilipotaifishwa, zikawa zile tunazoziita hadi leo nyumba za Msajili, hoja ilikuwa kwamba zinawekwa mikononi mwa wananchi. Wengi wa waliopokonywa walikuwa wa asili ya Asia, na miongoni mwao walikuwamo raia kwa mujibu wa sheria ileile ya 1961.

Sitaki kuufungua upya mjadala wa utaifishaji. Una watu wake na vitabu vyake. Ninachotaka kukionyesha ni tabia ya neno. "Wananchi" katika habari za zamani halikuwahi kuwa hesabu ya watu waliokuwepo mahali fulani. Lilikuwa muhuri. Lilipogongwa juu ya kundi, kundi hilo likawa limehalalishwa, na aliye upande wa pili wa kundi akawa amehukumiwa kabla hajasikilizwa.

Angalia hata jina la jeshi letu. Januari 1964 askari wa kambi ya Colito waliasi, jeshi lililorithiwa kwa Waingereza likavunjwa, na Septemba 1 mwaka huohuo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Jina lile lilichaguliwa kwa makini na lilikuwa na maana njema: bunduki hizi ni zenu, si za mkoloni. Likafuata jeshi la mgambo, na katika miaka ya mwanzo ya 1980 wakulima na wafugaji wa Usukuma na Unyamwezi, waliochoshwa na wizi wa ng'ombe na ujambazi wa silaha uliozagaa baada ya vita vya Kagera, wakaunda vikundi vya ulinzi vya sungusungu. Chama kiliwapokea kwa mikono miwili, kikaona ni wananchi wanaojilinda. Mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa na kuvipa vikundi hivyo nguvu ya kukamata. Kwa hiyo kufikia wakati magazeti binafsi yalipochipuka baada ya siasa za vyama vingi kurudi mwaka 1992, msomaji alikuwa amezoeshwa kwa miaka mingi kuona "wananchi" wakishika rungu kwa idhini. Mwandishi kijana wa habari za uhalifu hakulazimika kubuni chochote. Alilikuta neno limekwisha kunolewa.

Kuna upande mwingine wa neno hili, na bila huo picha haikamiliki. Katika magazeti ya enzi ya chama kimoja wananchi walikuwa kila mahali, lakini mara nyingi kichwa cha habari kiliwaweka kwenye hali ya kutendwa. Wananchi waaswa. Wananchi watakiwa. Wananchi wahimizwa kulima mihogo. Wananchi waonywa. Kitenzi kilikuwa cha kiongozi, ambaye jina na cheo chake vilifuata kwenye aya ya kwanza. Hata pale waliposimama kama watendaji, kitendo kilikuwa kimepangwa na mwingine: wananchi wajitokeza kwa wingi, wananchi wajitolea kufyeka barabara. Halafu kuna ile "viongozi na wananchi walihudhuria", ambayo bado tunaiandika leo bila kushtuka. Maana yake kiongozi ameshatoka kwenye kundi la wana wa nchi. Amebaki anawatazama kutoka jukwaani.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kuwa kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kila mtu awe amehamia kabla ya mwisho wa 1976. Tunajua yaliyotokea katika wilaya nyingi: malori, mgambo, nyumba zilizobomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi, vyakula vilivyoachwa ghalani. Kufikia 1977 ilihesabiwa kuwa watu takriban milioni 13 walikuwa wakiishi vijijini. Katika lugha ya habari za wakati ule, mtu aliyepakiwa kwenye lori na godoro lake alikuwa mwananchi aliyehamia kijiji cha ujamaa. "Kuhamia" ni kitenzi cha mtu mwenye miguu na nia yake. Bibi aliyetolewa nyumbani kwake asubuhi na kumwagwa porini jioni hakuhamia, alihamishwa. Kiambishi kimoja tu, -ish-, na kwenye kiambishi hicho ndiko kulikokuwa na ukweli wote.

Hapa mtu anaweza kuniambia kuwa najikanganya: kwenye vijiji neno liliwaficha walioonewa, kwenye habari za vibaka liliwaficha walioonea. Lakini kazi ni ileile. Katika hali zote mbili mtu mwenye jina, anayefanya jambo au anayefanyiwa jambo, anatolewa kwenye habari, na mahali pake linawekwa kundi lisiloweza kulia wala kushtakiwa.

Sasa turudi kwenye ile habari fupi ya aya 4 au 5, tuisome taratibu. Chanzo chake karibu siku zote kilikuwa kimoja, ofisi ya Kamanda wa Polisi wa Mkoa, yaani RPC, ambako waandishi walikusanyika kupokea matukio ya siku. Aya ya kwanza ilimtaja marehemu kwa kosa lake: kibaka, mwizi, jambazi. Mara chache lilitangulia "anayedaiwa", na likitangulia, aya ya pili ililisahau. Kisha ikaja hasira, kisha vyombo: mawe, fimbo, tairi, petroli. Kisha mwili ukahifadhiwa hospitali ukisubiri ndugu wa kuutambua. Mwishoni Kamanda "aliwataka wananchi kuacha tabia ya kujichukulia sheria mkononi".

Tazama aya ile ya mwisho. Wananchi wanatokea mara ya pili. Mwanzoni wameua, mwishoni wanaaswa, kwa sauti ileile iliyotumika kuwahimiza walime mihogo. Watu walewale waliotoka kummwagia binadamu petroli sasa wamerudi kuwa hadhira ya kupewa ushauri. Katikati hapakuwa na hata sentensi moja iliyosema polisi wanamtafuta nani. Na kama tukio lilikuwa na mtoa taarifa, huyo hakuitwa mwananchi. Aliitwa "raia mwema". Lugha ya polisi ilikuwa na neno kwa mtu mmoja aliyefanya jambo jema, na neno jingine kwa kundi lililofanya ubaya, na la pili ndilo lililokuwa na heshima zaidi.

Na hasira? Wanasheria wanaijua hoja hii vizuri. Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 201 na 202, inakubali kwamba mtu aliyeua kwa kughadhibishwa ghafla anaweza kuhukumiwa kwa kuua bila kukusudia badala ya mauaji. Lakini sheria inabana: ghadhabu iwe ya papo hapo, na kitendo cha kuudhi kiwe kimefanywa kwake mwenyewe au mbele yake kwa mtu aliye chini ya uangalizi wake au wa karibu naye, mke, mume, mzazi, mtoto, ndugu. Ni utetezi wa mtu mmoja, unaopimwa na mahakama kwa ushahidi. Gazeti liliugawa bure kwa watu hamsini, wengi wao wakiwa wamefika baada ya yowe, wasiojua kilichoibwa wala mwenyewe ni nani. Kifungu cha 23 cha sheria hiyohiyo kinasema kinyume kabisa: watu wakijiunga kwa nia moja kutenda jambo lisilo halali, na kosa likatokea katika kulitenda, kila mmoja anahesabiwa kulitenda. Aliyerusha jiwe la tano na aliyeleta kiberiti wanasimama kizimba kimoja. Msomaji wa gazeti hakuwahi kuambiwa hivyo. Wala hakukumbushwa kwamba Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumtendea mshtakiwa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika.

Nimezungumza na waandishi wa kizazi kile, na utetezi wao una uzito. Nafasi ilikuwa ndogo. Polisi hawakutoa majina. Kumtaja mtuhumiwa kungeweza kuliingiza gazeti mahakamani. Wengine waliishi kwenye mitaa ileile na walikuwa wameibiwa pia; hasira waliyoiandika ilikuwa yao. Nayakubali yote. Uchungu wa mama aliyeibiwa cherehani yake, kitega uchumi pekee cha nyumba, si wa kudharauliwa, na polisi wa kuchelewa au kumwachia mwizi kesho yake walikuwepo na wapo. Lakini hakuna kati ya sababu hizo inayolazimisha neno "wananchi". "Watu" ni herufi nne. "Kundi la watu" linaenea kwenye safu yoyote ya gazeti na halimtaji yeyote. Magazeti ya Kenya hupendelea kuandika umati wenye hamaki au wenye ghadhabu. Bado ghadhabu imo, na bado ni tatizo, lakini umati angalau ni umati, haudai kuwa nchi nzima.

Oktoba 1, 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian cha Arusha pamoja na dereva wao walidhaniwa kuwa wanyonya damu. Yowe likapigwa, kijiji kikakusanyika, wakauawa. Nchi ilishtuka, na ilistahili kushtuka. Habari zile ziliandikwa kwa namna nyingine kabisa. Waliouawa walikuwa na majina, vyeo, ofisi, familia na gari la Serikali. Walioua walikuwa wanakijiji wa kijiji kinachotajwa, na polisi walieleza waliokuwa wakiwakamata. Maneno "mauaji ya watafiti" yalikaa kwenye vichwa vya habari. Nilizisoma zile habari nikiwaza kuhusu vijana wote wa "umri wa kati ya miaka 25 na 30". Kitendo kilikuwa kilekile, yowe lilelile, moto uleule. Tofauti ni kwamba safari hii ilijulikana mapema na kwa uhakika kuwa waliokufa hawakuwa na kosa. Kwa wale wengine hakuna aliyewahi kwenda kuhakikisha, kwa sababu habari ilikuwa imeshawaita wezi na wauaji wao ikawaita wananchi.

Kuanzia 2017 tukapata kauli nyingine iliyotawala habari, "watu wasiojulikana", hasa baada ya Tundu Lissu kupigwa risasi Dodoma Septemba 7 mwaka huo. Kauli hiyo watu waliishuku mara moja, wakaihoji hadharani na mtandaoni. Walifanya vyema. Nashangaa tu kwamba hiyo nyingine, iliyodumu kwa muda mrefu zaidi na kufunika vifo vingi zaidi, hatukuishuku. Na wenye hasira kali walikuwa wanajulikana! Walikuwa majirani. Balozi wa nyumba kumi aliwajua, muuza genge aliwaona, watoto waliokuwa wakitoka shule walisimama kutazama.

Wapo wanaosema lugha ya habari haibadiliki kwa kuombwa. Imebadilika mbele ya macho yetu. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoongezeka kuanzia 2007, vyombo vya habari viliandika mauaji, vikaandika wauaji, vikawafuata hadi mahakamani. Na baada ya kelele za wahusika wenyewe, "zeruzeru" likaondoka kwenye kurasa na "watu wenye ualbino" likaingia, ingawa ni refu na linakula nafasi ile tuliyoambiwa haipo. Hakuna sheria iliyowalazimisha wahariri. Waliamua kwenye vyumba vyao vya habari.

Jambo hili si la kumbukumbu tu, na ndiyo maana naliandikia. Anayekwenda leo kwenye kurasa za zamani, maktabani au kwenye nakala zilizowekwa mtandaoni, akitaka kujua ni watu wangapi waliuawa na makundi mitaani Dar es Salaam au Mwanza katika miongo ile, atapata shida ya ajabu. Vifo vipo, vimetapakaa kwenye safu za pembeni, lakini havikuandikwa kama mauaji. Vimeandikwa kama habari za wizi ambazo mwishoni mwake mwizi alikufa. Akitafuta kwa neno "muuaji" hatavipata. Itabidi atafute kwa "kibaka" au kwa "hasira kali", kisha asome moja moja, na bado hatapata majina ya walioua wala ya wengi wa waliouawa. Na kalibu lenyewe halijatupwa. Limehamia kwenye simu: video fupi, maandishi mekundu chini, "wananchi wenye hasira kali", na maelfu wanabonyeza kupenda.

Kwa mhariri wa zamu atakayeletewa habari ya namna hiyo usiku wa leo, sentensi inayowezekana ni hii: "Kundi la watu limemuua kijana mmoja katika mtaa fulani, likimtuhumu kuiba pikipiki; polisi wamefungua jalada la mauaji." Kama polisi hawajalifungua, hilo liandikwe pia, na jina la kamanda aliyeulizwa liwekwe. Jina la marehemu litafutwe hospitali kesho yake, ndugu wakishafika. Na baada ya wiki mwandishi apige simu kituoni aulize jalada limefika wapi.